Kibiriti Kimeisha

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Nansio tu wazima. Magoti yanamsumbua babu yako, ila kila asubuhi lazima ashuke ziwani kunawa uso.

Umeniuliza nilipofiwa na mtoto wangu wa kwanza nilifanyaje nisivunjike moyo, maana wewe huko Dodoma ukitoka kazini unajifungia chumbani.

Mimi pia sikutaka kuona mtu. Mama mkwe hakunihubiria. Kila kukicha alisema tu, "Kibiriti kimeisha. Nenda kaombe moto kwa mama Bwire."

Kwa mama Bwire ni mbali, unafuata ufukwe. Nilikwenda nimenuna. Alinipa uji, tukaongea kidogo, nikarudi na kaa la moto juu ya kigae. Asubuhi moja nikajikuta njiani nacheka peke yangu.

Baadaye, nilipoinua mkeka wa mama mkwe nifagie, nikakuta kibiriti kimejaa njiti. Nikakirudisha palepale. Kesho yake nikaenda tena kuomba moto.

Wewe jiko lako ni la gesi, najua. Lakini chumvi imekuishia, mama. Nenda kaombe kwa jirani.

Bibi yako