Deraya Iliyokataa Kukukaa

Kwako Baba Zawadi, huko uliko,

Nakuandikia nikiwa barazani hapa Ujiji, mahali pale pale ulipokuwa ukisugua faiba kwa msasa hadi kuku wakahama. Miaka tisa sijakuandikia kwa sababu nilidhani tuliagana vizuri. Jumatatu niligundua ulichonificha. Nilikukasirikia nikashindwa kula, halafu nikalia, halafu nikatafuta kalamu.

Unakumbuka ilivyoanza. Padri alitaka igizo la Ijumaa Kuu lenye askari wa Kirumi wa kuogofya, si wale wa miaka ya nyuma waliojifunga masufuria kifuani. Akakuchagua wewe uwe akida wao, kwa ajili ya mwili wako mkubwa. Nani tena? Pale karakana ya boti ulikuwa ukishusha mashine begani peke yako, na wakati wa masika ulinivusha mto Luiche mgongoni pamoja na kikapu changu, ukinitania kwamba kikapu ndicho kizito. Ukasema bati hakuna, hata misumari tunaipangia foleni, ila mabaki ya faiba ya kuzibia boti yapo. Wewe ungetengeneza deraya, lile vazi la vita la kifua na mgongo, mimi nikate karatasi za kupimia.

"Si wewe fundi cherehani? Nishonee shati la Kirumi."

Ilikuwa mwezi wa kwanza. Ulisimama uani umeinua mikono, nami sikutumia hata futi. Nilikubandikia karatasi za mifuko ya saruji mwilini, nikafuata umbo lako kwa chaki, nikakata patani: kifua, mgongo, mabega. Patani nikaziweka sandukuni, nakala zake tukaziongezea tabaka kwa uji wa muhogo mpaka zikakauka na kusimama zenyewe. Kisha ukatandaza kitambaa cha faiba juu yake na kupaka ile gundi yenye harufu kali. Hukuniambia kwamba gundi hiyo ikiwa inaganda hutoa joto. Nilipoweka kiganja kwenye kile kifua kilichokaa peke yake mkekani, kilikuwa na joto la mtu mwenye homa. Nikaruka. Ulicheka mpaka ukakohoa, nikadhani ni vumbi la msasa.

Tuliining'iniza kwenye waya chini ya ukingo wa paa. Mama Hadija, jirani yetu, akaja kuomba chumvi, akaiona kwa nyuma, akaipa shikamoo. Ilipokosa kuitikia ndipo akatazama vizuri. Tangu siku hiyo akawa anapitia upande wa pili wa ua.

"Mama Zawadi, lile jitu lako linahema," aliniambia, wala hakuwa anatania.

Nami nilikuwa nimeliona likigeuka taratibu mchana usio na upepo, migomba imetulia kabisa. Nilijiambia ni waya.

Baada ya wiki mbili ukaijaribu, ikakupwaya. Mkono wangu mzima ulipita kati yako na deraya. Mimi, ambaye sijawahi kurudishiwa gauni! Niliona aibu, nikakubandikia karatasi nyingine, nikakata patani ya pili. Ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, nikaamini ya kwanza niliikosea. Ukaikata deraya ubavuni, ukaiunga upya. Baada ya wiki tatu ikapwaya tena. Nikakata ya tatu, nawe ukaiunga tena.

Deraya ilikuwa inakua. Sikuwa na neno jingine. Kitu kigumu kuliko mfupa kilikuwa kinakua kwenye waya wetu, na kila ulipokivaa nilisikia pumzi mbili, yako na nyingine nyuma yake, kavu, inayochelewa kidogo.

"Ni mwangwi," ulisema. "Hata mtungi ukiusemesha unaitikia."

Na kuhusu upana ulinipa sababu nyingine, bila kupepesa macho: "Karatasi inakunywa unyevu wa ziwa, mke wangu. Inanenepa."

Nilikuamini, kwa sababu ulikuwa fundi wa boti na unyevu ulikuwa kazi yako. Nilipokuuliza mbona unaacha ugali sahanini, ukasema ni Kwaresima. Hilo nalo nikaliamini.

Patani ya tatu nayo iliposhindwa, nililia. Nilikuambia mkono wangu umeharibika. Wateja niliwarudishia vitambaa vyao vya Pasaka bila kuvikata, cherehani nikaifunika kanga. Ulisimama mbele yangu ndani ya ovaroli yako pana.

"Usikate nyingine," ukasema. "Niachie siku tatu. Na ndani usiguse, faiba itakuwasha."

Siku ya tatu ukaivaa mbele yangu. Ilikukaa. Ndani ulikuwa umeitandikia turubai safi, nje umeipaka rangi ya fedha ya boti. Nilipiga vigelegele, nikakuzunguka nikijisifu: unaona, ile ya tatu nilipatia, ilitaka tu kukauka! Ukasema, "Fundi ni fundi." Jioni ile nikaifunua cherehani, nikawafuata wateja wangu mmoja mmoja.

Ijumaa Kuu Ujiji nzima ilitoka, Wakristo na Waislamu, na watoto walikimbia walipokuona. Akida ana sentensi moja tu ya kusema. Uliisema, na naapa sauti ilitoka nyuma yako, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Wiki sita baadaye tulikuzika. Hospitali daktari alikuwa ameniuliza, bila ubaya, "Mama, hukuona anavyokwisha?" Nilikuwa nakuona kila siku, na mtu unayemwona kila siku humwoni.

Sasa nikuambie ya Jumatatu. Padri mpya amempata akida mwingine, mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga, mtu wa kawaida tu. Akaijaribu deraya yako, haikufunga. Nikaombwa nibandue turubai nimpatie nafasi. Nikalifumua. Chini yake kulikuwa na sufi ya magodoro, Baba Zawadi. Tabaka nne, umezifunga kwenye vipande vya vitambaa vyangu mwenyewe na kuzibandika kwa gundi. Juu kabisa kulikuwa na kipande chenye maua, cha gauni la mtoto wetu Zawadi la Pasaka ile ile.

Nikaenda kwenye sanduku nikazitoa patani zote tatu, nikazipandanisha, nikaziinua dirishani. Mchana kweupe nikamwona mtu ndani ya mtu, na ndani yake mtu mwingine. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wewe hata kilio hakikukufichua. Umefichuliwa na sufi.

Ulijua kwamba unakwisha. Uliona mkono wangu unakufa, ukaamua kuuponya huo kwanza. Nani alikuomba? Ningeishi bila cherehani. Ningelima muhogo kwa dada yangu kule Simbo, nawe ungekuwa umekaa hapa unanitania. Nakushukuru na sikusamehe, yote mawili kwa pamoja, na sijui kama yatakuja kuachana.

Kabla sijachomoa sufi nilifanya jambo la ajabu. Niliivaa. Nilikaza kamba za ubavuni, nikasimama katikati ya ua. Haikupwaya wala kunibana. Ilinikaa mimi, mwanamke uliyekuwa ukimvusha mto mgongoni na kikapu chake. Basi Ijumaa ile ulikuwa umebaki kiasi changu, nami nikakuzunguka nikipiga vigelegele. Nikavuta pumzi. Nyuma yangu kidogo, kavu, mtu mwingine naye akavuta yake, na safari hii sikujisemea kwamba ni mwangwi.

Sufi sikuichomoa. Nimeshona turubai mahali pake, deraya nimeirudisha kwenye waya. Mwalimu nitamkatia yake, na nitampima kwa futi na kuandika. Siku ya kujaribu ikimpwaya, sitagusa karatasi. Nitamwambia aketi, nimuulize anakula nini na anakohoa tangu lini, na sitakubali habari za ziwa.

Mkono wangu haukukosea, mume wangu. Mara tatu mkono uliniambia kweli, nami mara tatu nikauita mwongo. Pumzika. Ukitaka kuhema, hema; mimi nipo hapa barazani nashona.

Mkeo na fundi wako,
Mama Zawadi