Mbung'o wa Geita kwenye Zizi la Shangazi

Shikamoo yako siitikii, kijana. Nimeiacha hapo hapo kwenye karatasi ulipoiandika, na itakaa hapo mpaka ufanye nitakalokuambia. Umevishwa kaptura ya kazi, umesomeshwa kwa lori na mafuta ya watu, halafu mwanamke mwenye mtoto mgongoni anabeba kosa lako, na wewe unaniuliza kama unaweza kunyamaza! Wasomaji, barua yake ndiyo hii, isomeni kwanza. Majina nimeyabadilisha mimi.

*

Mpendwa Bibi, shikamoo. Naomba unisaidie maana silali, mimi ni kijana wa Shinyanga, mwaka huu wa 1954 nilichaguliwa pamoja na wenzangu watano kwenda Geita wiki tatu kujifunza kazi ya ulinzi wa mbung'o, wale inzi wa porini wanaouma ng'ombe wakapata ugonjwa wa ndorobo, na kazi yenyewe ni kwamba kila gari linalotoka porini linaingizwa kwenye banda la giza, milango inafungwa, mbung'o wanakimbilia kidirisha chenye mwanga na sisi tunawadaka kwa nyavu za mkono, ndipo gari linaruhusiwa kwenda kwenye nchi ya ng'ombe. Siku ya mwisho mwalimu wetu Bwana Onesmo alituruhusu tutembezwe mgodini tuone dhahabu, yeye mwenyewe akabaki na homa, akaniambia, "Kalisti, wewe ndiye mkubwa wao, warudishe salama."

Bibi, tuliona mtambo unasaga mawe mpaka ardhi inatetemeka, lakini dhahabu hatukuiona, nami nikang'ang'ania tungoje saa moja zaidi labda wataitoa, dereva wetu Bartholomeo akasema, "Wewe, pantoni haitakungoja kwa sababu umevaa kaptura mpya," nikamwambia atulie, mwisho tukaondoka kurudi kwetu tumechelewa na dhahabu yenyewe hatujaiona. Tulipofika kwenye banda tukakuta malori matatu ya pamba yanasubiri zamu, nikashuka nikamwambia mlinzi Mabula, ambaye wiki zile tatu alikuwa kama ndugu yetu, "Kaka, sisi wenyewe ni walinzi, tumeshajikagua njiani," nikamwonyesha wavu wangu, akacheka, akasema, "Nikukague wewe uliyenishinda kudaka? Piteni!" akainua mti wa kizuizi. Hatukuwa tumejikagua. Pantoni ya Busisi tukaiwahi, tukavuka ziwa, wenzangu wakanipigia makofi, nikanunua sato wakavu wa zawadi.

Kesho yake alasiri tulisimama kwa shangazi yangu Bernadina, mjane, nje kidogo ya mji, lori likaegeshwa kando ya zizi, na mkwe wake Euphrasia, ambaye ni Mzinza wa ng'ambo ya ziwa aliyeolewa na binamu yangu Bujiku, akatupikia michembe ya viazi vitamu kwa karanga, nami nikampa wale samaki kwa kuwa ni wa kwao, akafurahi sana, akasema, "Shemeji, leo umeniletea nyumbani." Ng'ombe walikuwa wanarejea. Wakati naaga nikaona ubavuni mwa ng'ombe mweupe inzi mmoja ametulia, mabawa yamelaliana kama mkasi uliofungwa, nikampiga, akapasuka damu kwenye kiganja changu. Wengine walikuwa wangapi kwenye turubai la lori sijui. Shangazi akauliza, "Nini?" nikafuta mkono kwenye kaptura nikasema, "Inzi tu."

Sasa ni miezi miwili, ng'ombe saba kati ya kumi na mmoja wamekufa, walikonda mpaka mbavu zikaonekana zote, shangazi akaita mganga, mganga akapasua kuku akasema ugonjwa umevuka ziwa ndani ya samaki, wakamgeukia Euphrasia kwamba ndiye mchawi. Majirani hawampi moto wala hawachukui moto kwake, Bujiku hali chakula alichopika, na Jumamosi ya wiki ijayo wazee wanakaa kumrudisha kwao, mtoto wao wa miaka miwili abaki. Nilipopita juzi aliniambia, "Shemeji, wewe si uliwanunua wale samaki kwa mkono wako, kwa nini husemi?" nikajibu nina haraka. Bibi, nikisema, kazi imekwenda, Mabula naye anafukuzwa, na shangazi hatanitazama tena. Nimefikiri nimpelekee shangazi bwana mifugo awachome sindano wale wanne waliobaki, wapone, mimi nisitamke neno, mambo yapoe yenyewe. Je, haitoshi? Naomba sana ufiche jina langu.

Mimi mwenye majuto, Shinyanga.

*

Haitoshi.

Mimi shule niliishia darasa la pili, na barua yako nimeisoma siku nzima kwa miwani ya marehemu mume wangu, lakini hili halihitaji shule. Tuseme umewachoma sindano kimya kimya. Jumamosi Euphrasia anaondoka. Baada ya siku chache ng'ombe wanasimama, wanakula majani. Shangazi yako atasema nini? "Mnaona? Mchawi katoka, mifugo imepona!" Utakuwa umempigilia msumari kwa dawa yako nzuri. Na akifika Uzinza atakuta habari zimemtangulia, hata kwao watamtazama mikono.

Kukuhurumia nakuhurumia, kidogo. Kijana kutamani kuiona dhahabu si dhambi, ingawa ulichelewesha lori zima kwa ajili ya kutazama vumbi la mawe. Hata ule uongo wa kizuizini ni majivuno ya mtu aliyepewa wavu juzi. Ninachokukasirikia ni kile kiganja. Ulimwona! Ulimjua kwa mabawa yake, ndiyo kazi uliyofundishwa. Ungesema palepale, "Shangazi, huyu ni mbung'o, tumwite bwana mifugo," leo mngekuwa mnakamua. Wewe ukasema inzi tu. Tena juzi yule mwanamke akakuomba kwa mdomo wake, ukamwambia una haraka. Haraka ya kwenda wapi?

Mama yangu mdogo alifukuzwa hivyohivyo nikiwa msichana. Alipita mbele ya nyumba yetu na kapu lake, majirani wamefunga milango, na mama yangu, dada yake wa tumbo moja, naye akafunga. Mimi ndiye niliyeshika komeo. Ng'ombe waliendelea kufa vilevile. Mpaka leo sijui mama mdogo kazikwa wapi, na kila aliyekuwa na neno la kusema siku ile alikuwa na sababu nzuri kama hizo zako.

Sitakudanganya. Kazi huenda ikakutoka. Shangazi anaweza kukulaani mbele za watu, na ana haki. Mabula usimshtukize: mwandikie leo umwambie unakwenda kusema, na useme kwamba uongo ulikuwa wako. Wale saba hawafufuki. Wapo watakaomtazama Euphrasia kwa pembe ya jicho mpaka azeeke, hata ukisema kila kitu, na hilo huwezi kulifuta kwenye kaptura.

Jina lako nimelificha, lakini anwani yako ninayo na kalamu ninayo. Jibu hili linatangulia kwa bahasha na basi la asubuhi, gazeti linafuata Ijumaa.

Basi sikia. Usingoje Jumamosi. Nenda siku hiyohiyo utakayopata bahasha, na bwana mifugo aje nyuma yako, si mbele. Mwambie Bujiku awaite wazee na majirani wote, na yule mganga asiachwe. Ukikaribishwa kiti, kikatae. Ingia jikoni kwa Euphrasia, mwombe kijinga cha ule moto wanaoukataa majirani, toka nacho mkononi kila mtu akikuona, kiweke chini mbele ya shangazi yako, kisha sema kwa sauti: "Mbung'o nilimleta mimi."