Hadija binti Mustafa, wa Nalasi

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ile ya Songea ya kuvaa sweta mbili. Nimevaa tatu. Lakini leo kichwa kimenivimba na sioni sababu ya kuficha: nimefanya kazi nzuri.

Ila nianze na aibu.

Ofisini kwetu tunapanga safari za wagonjwa. Ijumaa wanaingia madaktari wa macho. Watapasua mtoto wa jicho kwa siku tatu, kisha wanaondoka hadi mwakani. Kesho gari letu linapita vijiji vya Tunduru, yaani Nakapanya, Nalasi na Mbesa, kukusanya wagonjwa, na dereva anafuata orodha. Asiyemo kwenye orodha anabaki kwake na giza lake.

Orodha ililetwa kwenye disketi, kila mgonjwa mstari mmoja, majina na kijiji vimefuatana bila hata mkato. Juzi nikaiambia kompyuta ikate kila penye nafasi: neno la kwanza jina lake, la pili jina la baba, la tatu kijiji. Dakika tano tu. Nikamwita bosi aje aone kolamu zangu zilivyonyooka. Nilijisifu, sikatai.

Chini kabisa yakabaki majina kama thelathini yenye vijiji nisivyovijua. Kijiji cha Rashidi. Kijiji cha Mustafa. Nikadhani ni vitongoji vya huko ndani ndani, nikayaweka kando niulize baadaye.

Sikuuliza.

Leo asubuhi Mzee Komba, dereva wetu, amekuja kuchukua karatasi zake. Nikampa shikamoo, nikampa na karatasi. Akaisoma ya Nakapanya mara mbili, akavua miwani.

“Mwanangu, Nakapanya nzima wanaoumwa macho ni wanaume watupu?”

Nikacheka. Halafu kicheko kikaniishia.

Mimi ni mtoto wa Lizaboni, hapa hapa Songea mjini. Kwetu mtu ni Agnes Ngonyani, majina mawili, basi. Kule Tunduru mama mtu mzima anaandikishwa Hadija binti Mustafa. Hilo “binti” limekaa kolamu ya pili, baba kasukumwa kwenye kolamu ya kijiji, na Nalasi yenyewe imeangukia kolamu ya nne, ambayo wala sikuichapisha. Karibu akina mama wote nilikuwa nimewaacha nyumbani kwa hizo dakika tano zangu.

Masikio yaliniwaka kwa haya. Bosi akasema nirekebishe jina moja moja kwa mkono. Nikakataa. Kwa haraka ile ningeruka mtu tena.

Nikakaa nikawaza. Majina ya watu hayana mwisho, lakini vijiji ni vitatu tu. Kwa hiyo nikaanzia nyuma. Nikaiambia kompyuta, kila inapokuta Nalasi iweke mkato kabla yake. Nakapanya hivyo hivyo, na Mbesa. Kisha ikate penye mkato tu, nafasi iziache. Mtu awe na majina mawili au matano, yote yanakaa pamoja upande wake, kijiji upande wa pili.

Nikahesabu mistari, nikalinganisha na ya kwenye disketi. Haukupungua hata mmoja.

Hakuna aliyenifundisha hilo. Nimelitoa kichwani mwangu mwenyewe, na leo najipenda sana.

Mzee Komba alisoma karatasi mpya taratibu, kidole kikishuka jina kwa jina. “Sasa hawa wametimia,” akasema. “Ila gari moja halitoshi.” Bosi akakuna kichwa, akatoka na mwavuli kwenda kutafuta la pili. Saa tisa alikuwa amelipata.

Nimejiwekea sharti: jina nisilolielewa ndilo nitakaloanza kuliulizia.

Hadija simjui, naye hatajua kamwe kwamba kwa siku mbili nilimgeuza baba yake kuwa kijiji. Kesho gari litasimama mlangoni kwake, na Mzee Komba atamwita kwa jina lake lote.