Mama Mkwe Anadai Uji Ule Ule

Shikamoo mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimejitia kitanzini mwenyewe. Mimi ni mke wa Wangwe hapa Susuni, na mama yake, Wegesa, alikuja kututembelea wiki moja akakaa miezi minne, nikisonga ugali anasema mbichi, nikifagia anasema nahamisha vumbi, basi nikaenda Sirari nikanunua vidonge vya usingizi kwa mchuuzi mmoja, akaniapia ni vya zamani, viwanda vimeacha kuvitengeneza, ndiyo vile vikali vyenyewe, nikasaga viwili nikamkorogea kwenye uji wa asubuhi nipate walau mchana mmoja wa kupumua, mshauri, alilala mpaka kesho yake, tukimtikisa haamki, ukoo ukajaa uani, shemeji yangu Nchagwa ameshachagua ng'ombe wa msiba, ndipo mama akafumbua macho, "Mbona mnalia? Chakula kiko wapi?"

Sasa anasema alikwenda kwa mizimu ya ukoo, nayo imemwagiza akae kwangu mpaka afe, watu wanatoka hadi Matongo kumuuliza habari za marehemu wao, na tangu juzi ananibana, "Eunice mwanangu, nipikie uji ule ule, kuna majibu nayafuata." Nikimnyima ananuna, nikimpa naogopa, na Wangwe hajui kitu. Nifanye nini?

Eunice, Susuni

Marahaba Eunice, na pole. Pole yangu inaishia hapo. Umemnywesha binadamu dawa bila yeye kujua, halafu unauliza kama umwongeze? Vidonge vile viliachwa kwa sababu vilikuwa vinaua watu. Jinsi vinavyofanya kazi, wataalamu wenyewe sehemu nyingine wanakisia, lakini inaonekana vinaukanyagia breki ubongo, na ubongo huo huo ndio unaoamuru mapafu yavute hewa. Kidonge kimoja zaidi, na mama asingeuliza chakula. Nanyi ukoo mzima mkapata muda wa kuchagua ng'ombe, mkakosa wa kuita bodaboda iwapeleke zahanati!

Uji huo usipikwe tena. Leo mpeleke mama hospitali, mwambie daktari ulimpa nini, vingapi na lini, na vilivyobaki umkabidhi. Kisha mkalishe Wangwe na mama yake, useme mwenyewe. Kama umechoka na mgeni, mwambie mumeo kwa mdomo. Na fanya haraka: jina lako sijalificha, na gazeti hili hufika Susuni saa nne asubuhi.