Aliyesema Kosa ni Lake

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Musoma hatujambo, shangazi yako bado anauza dagaa soko la Mwigobero. Umeniuliza kama uukubali ukuu wa shule.

Nilipokuwa mwalimu mpya kwenye shule ndogo ya kanisa kule Bunda, nilimkaririsha darasa binti wa mzee wa kanisa, maana hakujua kusoma. Baba yake akaja ofisini akitaka nifukuzwe. Mkuu wetu akamwambia, "Mzee, binti amepita madarasa matatu mikononi mwangu bila kujua kusoma. Kosa ni langu. Mwalimu huyu ndiye aliyeliona."

Kuanzia hapo mkuu mwenyewe alimfundisha binti yule kila mchana, mpaka akaweza. Sikumwonaga akimtupia mwalimu lawama. Ukiona unaliweza hilo, ukubali.

Bibi yako,
Nyangeta