Mstari wa Mashine ya Baba

Nyumbani,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko, na baridi yenu? Wifi na watoto ni wazima? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakiita mafua ili usiende hospitali? Sisi tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi haujambo kabisa.

Tyubu ya kioo cha mashine ya Baba uliyotutumia ilifika. Uliifunga vizuri kwa masweta mawili, na Mama keshayatwaa yote. Lakini ilikuwa na ufa shingoni, mwembamba kama unywele, na tyubu ikishaingia hewa ndiyo basi tena. Usijilaumu. Niliipakata nikalia, halafu nikaitukana, halafu nikalia tena. Jina la Fyuzi mlilonipa halikuwa la bure.

Ngoja nikueleze. Tangu macho ya Baba yazime kabisa, alikataa kuingia karakana. Alilala ameelekea ukutani, uji unapoa. Alisema neno moja tu: ile mashine yake ya kupimia mawimbi ya umeme ikiwaka, atarudi kazini, mimi niwe macho, yeye awe kichwa. Nikaifungua. Panya walikuwa wamezaa ndani. Nikaisugua kwa spiriti, nikabadilisha kapasita zote zilizovimba, nikalehemu upya nyaya zilizooza, nikaiamsha polepole kwa kupitisha umeme kwenye balbu kwanza ili isishtuke. Transfoma ikanguruma. Kioo kikabaki cheusi. Ilikuwa imebaki tyubu tu, ndiyo hiyo.

Unakumbuka alivyokuwa akitupanga mbele yake tulipokuwa wadogo? Mstari wa kijani kiooni umenyooka, umetulia. Kisha tunashika ncha ya waya wa kupimia, mmoja mmoja, na mstari unaanza kucheza, kwa sababu mwili wa mtu hunasa umeme wa nyumba. "Huyo ndiye wewe," alikuwa akituambia. Wewe ulikimbia, mimi nikaomba tena.

Basi Kaka, nimemdanganya. Baba aliusikia mngurumo akiwa kitandani, akaja akipapasa kuta, akaweka kiganja juu ya bati, akanusa vumbi linalopata moto.

"Imewaka!" akasema.

Ningesemaje? Nikamwambia imewaka.

Wiki nzima alikuwa mtu mwingine. Alinyoa ndevu. Alidai chai yenye sukari, akagombana na Mama, nyumba ikarudi kuwa nyumba. Akanisimamia nikitengeneza redio ya jirani: "Wimbi limekaaje? Limekatwa juu?" Nami natunga majibu kama mpiga ramli. Redio ikagoma, naye akajilaumu mwenyewe, eti kichwa kimechakaa. Hapo nilitamani ardhi inimeze, lakini nikaendelea kumdanganya.

Juzi akaniambia, "Fyuzi, hebu niangalizie mstari." Nilikuwa nimeinama natafuta skrubu chini ya meza. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Umenyooka, Baba. Umenyooka vizuri kabisa."

Nikainuka. Alikuwa ameshika ile ncha ya waya kwa vidole viwili.

"Basi kati yangu na mashine, mmoja wetu amekufa," akasema. Akatabasamu kidogo, akailaza ncha mezani taratibu asije akavunja kitu. "Izime, mwanangu. Usipoteze umeme."

Amerudi kuelekea ukutani. Hanikasirikii, na hilo ndilo linaloniua, bora angenitukana. Uji namnywesha kwa kijiko, anameza kwa ajili yangu tu. Usihangaike na tyubu nyingine, Kaka. Hata ikifika nzima, hata mstari ukiwaka kweli, atakayemwambia ni mimi niliyemdanganya, na yeye hana njia ya kuuona.

Mashine nimeirudisha juu ya kabati, nimeifunika na shuka.

Mama anakusalimu, anasema sweta moja linambana. Shangazi anauliza utakuja lini. Mimi nimeacha kuuliza. Mkumbatie Wifi na watoto kwa niaba yetu. Mungu awatunze, awalindie na macho yenu.

Baba hakutuma salamu. Ila nilipomwambia nakuandikia, aliuliza kama bado unaogopa kushika waya.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako, Fyuzi.