Chonge za Baba Yako

Ugonile, mjukuu wangu Atupele.

Hapa Masoko tu wazima, mvua haijatuacha. Umeuliza mwanao ana nini, anatokwa na mate na kung'ata kila kitu. Ni meno tu. Nawa mikono umsugue fizi taratibu, au mpe kitambaa safi kilicholowa maji baridi akitafune.

Baba yako alipoota meno alishikwa na homa kali. Jirani akasema ni meno ya nailoni, ndivyo walivyoziita chonge changa zilizo bado ndani ya fizi, yachimbwe kabla hayajamuua. Mama mkwe wangu akambeba mgongoni. "Meno hayaleti homa hii," akasema, akashika njia ya hospitali. Kumbe ilikuwa malaria.

Wako akichemka hivyo, mkimbize hospitali. Na baba yako akija kumwona mjukuu, mchekeshe, utazame chonge zake. Zote zipo.

Bibi yako